Mkuu wa Chumba cha Baridi

Kazini tulimwita Mkuu, na hata leo nikilitamka jina lake halisi naona kama namsengenya mtu mwingine. Alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta katika shirika moja la umma lililogawa sukari, unga na sabuni nchi nzima, miaka ile ya Ujamaa ambapo sabuni ya kipande ilikuwa zawadi ya harusi. Ofisi yetu ilikuwa Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa. Jiji zima linatoka jasho, sisi tumevaa masweta, kwa sababu mashine ile haikuweza kuishi bila kiyoyozi. Watu wa ghorofa ya chini walikiita chumba cha baridi, wakawa wanapanda kila saa kuja kuulizia faili. Faili gani! Walikuwa wanakuja kupunga upepo. Mkuu aliwaruhusu, ila kila aliyeingia alipewa kitambaa afute vumbi kwanza.

Kwa watoto wa siku hizi lazima nieleze kidogo, maana nyie kompyuta mnaitia mfukoni. Ile yetu ilikuwa kubwa kama makabati matatu ya nguo yamesimama bega kwa bega. Ulichotaka ifanye ulikitoboa kwenye kadi za karatasi ngumu, mstari mmoja kadi moja, na programu nzima ilikuwa ni boksi la kadi zilizopangwa kwa mfuatano. Kadi ikikaa mahali pa mwenzake, Lindi inapata sukari ya Mwanza, na Mwanza wanakunywa chai bila sukari. Mimi na wasichana wenzangu ndio tuliotoboa. Mimi ni mtu wa Lindi, kwa hiyo mfano huo niliuelewa mapema.

Boksi likishapangwa, Mkuu alizibana kadi kwa mikono miwili, akachukua kalamu nyekundu, akachora mstari wa mshazari juu ya kingo zake, kutoka kona hii mpaka kona ile. Kila kadi ikabaki na nukta moja nyekundu ukingoni, mahali pake peke yake. Zikimwagika, unaziangalia nukta tu na kuzirudisha kwenye mstari. Sisi tulisema Mkuu anaipaka mashine rangi ya mdomo. Kalamu ile ilikuwa inavuja, na suti zake zote za Kaunda zilikuwa na doa jekundu kifuani. Alikuwa anajipenda huyo, nguo zimenyooshwa mpaka zinakata, viatu unajiona usoni, na katikati ya unadhifu wote ule, doa.

Mkurugenzi wetu hakukipenda chumba cha baridi, na hilo ndilo lililomnyima Mkuu usingizi. Kwa mkurugenzi, kompyuta ilikuwa mgeni asiyeaga, inakula umeme, inataka vipuri vya ng'ambo, na vibali vya kuagiza vipuri vilikuwa vigumu kuliko kupata nyumba Oysterbay. Alishasema wazi kwenye kikao: siku mgao ukikosewa kwa ajili ya mashine, chumba kinafungwa, hesabu zinarudi kwenye kalamu, na sisi tunatawanywa mikoani. Mkuu alitoka kwenye kikao hicho akatuambia neno kwa neno, hakutuficha. Alikuwa na tabia hiyo, habari mbaya aliileta ikiwa ya moto.

Kwa hofu hiyo alizaa sheria. Mchana wa Alhamisi ukishapita, hakuna kubadilisha kitu kwenye programu, hata koma. "Ijumaa watu wanaswali, Jumamosi nusu siku, Jumapili watu kanisani," alisema. "Likiharibika utamwita nani?" Na nyingine: kila ulichokifanya lazima mwenzako aweze kukifanya ukiwa unaumwa. Nilipoolewa, badala ya kunipa pongezi aliniuliza nani anajua kutoboa orodha ya mikoa ya kusini. Nilinuna siku nzima. Kesho yake akaleta khanga, nzuri, na ndani ya khanga swali lile lile.

Methali alizipiga vita. Ile ya ufa na ukuta aliikataza kabisa mle chumbani, kwa sababu, alisema, watu wakishaisema wanajiona wameshaziba. Na ukitaka kumtibua, mwambie akiba haiozi.

"Inaoza!" atakwambia. "Aliyesema haiozi hajawahi kuweka kadi Dar es Salaam. Ifungue. Itumie. Ikifanya kazi ndiyo akiba. Isipofanya kazi una takataka iliyofungwa vizuri."

Hakuwa anatania. Nakala ya kila programu yetu ilikaa nje ya ofisi, ndani ya debe la biskuti lenye mchele chini wa kunyonya unyevu, katika duka la vitambaa pale chini. Mwenye duka alikuwa Mwarabu wa hapo hapo Mchafukoge, rafiki yake wa kucheza drafti, na debe lile lilimkera. Akiliona mkononi mwa Mkuu anasema, "Leo unamleta maiti wako au unamchukua?" Mkuu anajibu, "Namtembeza kidogo." Kisha wanaamkiana vizuri, wanaulizana watoto. Mchele wa debe ulikuwa unabadilishwa kila mwezi, na wa zamani mke wa mwenye duka aliupika. Mkuu aliulizia kila mara kama ulikuwa na ladha ya karatasi.

Sasa, mara moja kila mwezi, siku asiyoijua mtu, Mkuu alificha boksi la programu, akasimama katikati ya chumba na kutangaza, "Kadi zimeungua. Fanyeni kazi." Basi tunakimbia dukani, tunaleta debe, tunaendesha mgao kwa nakala mpaka utoke sawa. Mkurugenzi alipojua aliwaka: mtu gani anayezima kitu kizima kwa makusudi? Mkuu akamjibu kwa adabu zote kwamba ni yule asiyetaka kukizima kwa bahati mbaya.

Tena alikuwa na mchezo mwingine, huo wa kutuudhi hasa. Alikuwa anachomeka kadi moja yenye kosa katikati ya kadi nzuri, kisha anajifanya anasoma gazeti. Ukiigundua, unapata karanga. Usipoigundua, anakuita pembeni na kukuuliza kwa upole kama umelala vizuri nyumbani. Balaa ni kwamba hata alipokosea yeye mwenyewe, kosa la wazi kabisa, umemshika, alikuwa anakunja gazeti na kusema, "Vizuri. Nilikuwa nakujaribu." Wallahi hatukuwahi kujua lini anajaribu na lini amekosea. Tuliposhindwa kuvumilia tulimsema wenyewe kwa wenyewe, mzee huyu anakula karanga zetu kwa ujanja.

Ungemwona nyumbani ungecheka zaidi. Mtu huyo wa akiba na tahadhari alipanda baiskeli isiyo na breki, akisimamisha kwa kiatu, mtaa mzima wa Kariakoo unampisha. Paa lake lilivuja juu ya kitanda kwa masika mengi, na dawa yake ilikuwa kusogeza kitanda. Saa ya ukutani haikwenda. Nilimuuliza siku moja mbele ya mkewe, mbona hivyo, Mkuu? Mkewe akanijibu yeye: "Mwanangu, uangalifu wake wote anauacha huko kwenu kwenye baridi. Hapa naletewa mwili tu." Mkuu akacheka mpaka akakohoa.

Karanga nimezitaja, na karanga ndizo zilizotaka kutuua. Karatasi ilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo kadi zilizoharibika hatukuzitupa. Tuliziweka chini, kando ya mlango. Tarishi wetu alizichukua asubuhi akampelekea Mama Karanga, mwanamke wa Kimakonde aliyekaa ukingoni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, wanapopita watu wa kutoka Kariakoo kwenda mjini. Yeye alizikunja kuwa vikoni, akatia karanga, na saa ya chai tarishi alirudi na vikoni vyetu, shukrani yetu. Chumvi ilikuwa inatoka kwenye matundu, lakini nani analalamikia kitu cha bure? Sheria ya mlango aliitunga Mkuu mwenyewe, ili asisikie ubishi: kilicho mlangoni si chetu tena.

Ramadhani ilikuwa inakaribia. Mkurugenzi alitaka mwezi ule mgao wa sukari uongezwe kwa hesabu mpya, kila wilaya kwa kiasi chake, na akaongeza kwamba huo ndio mtihani wa mwisho wa chumba cha baridi. Mkuu akaandika kadi za Ramadhani wiki mbili, kichwa chini. Alizimaliza Alhamisi jioni. Ndiyo, jioni. Alivunja sheria yake kwa sababu aliharakishwa, na nakala akasema ataitoa Jumatatu. Mgao wenyewe ulitakiwa Jumanne asubuhi, malori yakiwa tayari.

Jumatatu kiyoyozi kikavuja maji juu ya rafu. Mkuu akaona boksi lake linataka kulowa, akalibeba kwa mikono yake, akaliweka chini mahali pakavu. Kando ya mlango. Simu ikalia, mkurugenzi anamtaka haraka, akashuka. Tarishi akaja kwa saa yake ya kila siku.

Mkuu aliporudi, sisi tuko kwenye chai. Akaangalia mlango. Akaangalia rafu. Akasimama katikati ya chumba, akasema, "Kadi zimepotea."

Tukacheka. Mmoja wetu akamwambia, "Mkuu, mwezi huu umeshatujaribu mara moja, usituonee." Nikaendelea kutafuna. Akasema tena, "Kadi zimepotea," na sauti yake haikuwa ya majaribio, ilikuwa nyembamba. Nikaangalia chini mkononi mwangu. Kwenye ukingo wa kikoni changu, chini ya chumvi, palikuwa na nukta nyekundu.

Tulikuwa tunakunywa chai na sukari ya Ramadhani ya watu.

Debe la mwenye duka lililetwa mara moja, lakini nakala ile ilikuwa ya mgao wa kawaida, haikuwa na kadi za Ramadhani. Kuziandika upya kungechukua wiki mbili nyingine. Mkuu akakaa kwenye kiti akashika kichwa. "Nimewatawanya wanangu," alisema. Nilimhurumia mno, na mimi mwenyewe nilikuwa naogopa, maana mume wangu alikuwa na kazi bandarini na mimi ningepelekwa sijui wapi. Kisha akainuka, akachomoa kalamu nyekundu akatuonyesha. "Kila yenye nukta," akasema. "Twendeni tukale karanga."

Na siku hiyo, kwa bahati yetu mbaya, Mnazi Mmoja kulikuwa na mkutano wa hadhara. Viwanja vimejaa, ngoma zinapigwa, na Mama Karanga anauza kama ana wazimu. Tukanunua vyote alivyobakiza kwenye sinia. Alipoelewa akajipiga paji la uso, akatukabidhi na kadi ambazo hajazikunja. Lakini nyingi zilishaingia kwenye umati. Basi tukaingia na sisi, wasichana wenye masweta kwenye jua lile, tunamwambia kila mtu, "Ndugu, ukimaliza naomba karatasi." Wengine walitupa, wengine walituangalia kwa huruma wakatuongezea karanga.

Mkuu alikuwa anaokota zilizotupwa chini, ameinama, suti inaburuza vumbi. Mgambo mmoja akamwona. Siku hizo kila mtu alikuwa macho na majasusi, na hapa kuna mtu nadhifu anaokota karatasi zenye matundu katikati ya mkutano.

"Ndugu, unaokota nini?"

"Karatasi, ndugu."

"Karatasi naziona. Haya matundu ni ya nini?"

"Ni maelekezo."

"Maelekezo kutoka kwa nani kwenda kwa nani?"

Maskini Mkuu, uongo hakuujua. "Kutoka kwangu," akasema, "kwenda kwa mashine."

Mgambo akamkamata mkono. Nikafika mbio, nikasema, afande, mwache, huyu ndiye anayegawa sukari ya Ramadhani, na sukari yenyewe iko kwenye karatasi hizi. Mgambo akaziangalia, akaangalia doa jekundu kifuani kwa Mkuu, hakuamini.

"Sukari ya wapi?"

"Ya kila mahali," nikasema.

"Na Magomeni?"

Mkuu akafikiri kidogo. "Magomeni," akasema, "iko kwenye kadi ambayo bado hatujaiona."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Mgambo aliuachia ule mkono kama ameshika chungu cha moto, akatia filimbi mdomoni, akapiga. "Wananchi! Anayekula karanga asitupe karatasi! Nasema asitupe!" Watu wakaanza kutuletea. Yeye mwenyewe aliinama na bunduki yake mgongoni, anaokota, anageuza, anauliza, "Hii ndiyo Magomeni?"

Alasiri tulikuwa chumbani. Tulizinyoosha kadi kwa pasi ya mkaa ya mwenye duka, tukazipaka poda ya uso ya mwenzetu zisiteleze kwa mafuta, tukazipanga kwa nukta. Mstari mwekundu ukarudi polepole, ukingo kwa ukingo, ukakatika mahali pamoja. Kadi moja haikupatikana. Mkuu alisoma iliyotangulia, akasoma iliyofuata, akafumba macho, akanitajia herufi moja moja, nikatoboa. Mashine ilikwama, tukaifuta, ikakwama, tukaifuta. Kabla ya magharibi mgao ulikuwa mezani, tumeukagua kwa mkono wilaya kwa wilaya, uko sawa. Mkurugenzi alipopanda kuuchukua alivuta hewa puani na kuuliza, "Mbona kunanuka karanga?" Chumba hakikufungwa.

Mkuu akatuweka mbele yake, akasema, "Boksi niliweka mimi. Sheria nilivunja mimi." Tulisubiri lile neno lake la siku zote, tukiwa tayari kucheka. Hakulisema. Ndiyo siku pekee ambayo hakudai alikuwa anatujaribu.

Chumba kilikuja kufungwa miaka mingi baadaye, kwa uzee tu. Mashine ikauzwa chuma chakavu, kadi zikachomwa, wasichana tukatawanyika kweli. Kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kumwonyesha mtu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa pale pale Mchafukoge. Nilikuwa natoka Feri na kikapu cha samaki, nimestaafu, magoti yananiuma. Nikamkuta kibarazani kwa rafiki yake mwenye duka, ubao wa drafti katikati yao, karanga kwenye gazeti. Amekonda. Suti ni ya Kaunda vile vile, ila haina doa.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Unanuka samaki. Kaa."

Nikakaa. Tukaongea habari za watoto, za mkewe aliyekwishatangulia, Mungu amrehemu. Kisha akasema, anachekea kiganjani, "Unakumbuka siku ya karanga? Tulizipata zote, hata moja haikupotea."

"Hapana, Mkuu," nikasema. "Moja ilikosekana. Ulinitajia nikaitoboa."

Akachukua karanga. "Vizuri," akasema. "Nilikuwa nakujaribu."

Nikacheka, moyo ukatulia. Nikamtazama mwenye duka nimchekee na yeye, nikamkuta ameinamia ubao, anapanga kete ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Hebu nisimulie yote," Mkuu akasema. "Tangu mwanzo. Nione kama unayo."

Nikamsimulia. Kiyoyozi, mlango, nukta kwenye kikoni, mkutano, mgambo. Alinisikiliza kwa raha, anatafuna, anacheka mahali pa kucheka, na nilipofika pale mgambo anapomkamata mkono yule mtu wa suti, aliacha kutafuna.

"Na huyo mkuu wenu," akauliza, "mgambo alimwachia?"

Nikasubiri aseme alikuwa ananijaribu. Nilisubiri, na mwenye duka naye akasubiri, kete mkononi. Mkuu alikuwa ananitazama machoni, anataka kujua.

"Alimwachia, Mkuu," nikasema. "Alimwachia, akainama, akamsaidia kuokota."

"Alhamdulillahi," akasema, akanisogezea karanga. "Haya, endelea."